Idadi ya Wageni na Maana ya Ustawi Bali

Kisiwa cha Bali nchini Indonesia, ambacho wakazi wake wengi ni waumini wa dini ya Kihindu, kilipokea watalii wa Kichina zaidi ya milioni 1 mwaka 2019, lakini safari za ndege kati ya Indonesia na China ziliposimamishwa Februari 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, idadi hiyo iliporomoka ghafla. Anguko hilo linaibua swali la kifalsafa: je, neema inayotegemea maamuzi ya mbali yaweza kuitwa ustawi?

Falsafa ya Wabali iitwayo Tri Hita Karana, yaani visababishi vitatu vya ustawi, hufundisha kwamba heri ya binadamu hutokana na uhusiano mwema baina yake na Mungu, wanadamu wenzake na mazingira. Kwa kipimo hicho, mgeni ni binadamu wa kukirimiwa, wala si tarakimu, na mashamba ya mpunga yanapogeuzwa hoteli, uhusiano wa tatu hujeruhiwa hata kabla wageni hawajapungua.

Ni kweli kwamba mwenye njaa hashibi falsafa, kwa kuwa ujira wa dereva au mpishi ni riziki ya watoto wake. Hata hivyo, siku ya Nyepi, yaani mwaka mpya wa Kibali unaoadhimishwa kwa ukimya, uwanja wa ndege hufungwa kwa saa 24, jambo linalothibitisha kwamba jamii inaweza kutanguliza ibada mbele ya faida bila kuangamia. Kwa hiyo, utalii unastahili kuwa tunda la ustawi, wala usifanywe mzizi wake.