Kura Halali na Haki ya Jirani

Je, mtu anaweza kuiba kwa kunyoosha mkono mkutanoni? Swali hili linatuhusu, maana Wakristo wengi leo wana hisa, wamefungua kampuni pamoja na ndugu au marafiki, au wameketi kwenye bodi. Katika kampuni wenye hisa nyingi ndio wanaoamua. Utaratibu huo ni mzuri, lakini waweza kutumika vibaya.

Iko kesi mashuhuri ya Uingereza, Ebrahimi dhidi ya Westbourne Galleries. Wafanyabiashara wawili wa mazulia walikuwa wabia kwa miaka mingi, wakigawana faida sawasawa. Mwaka 1958 waliugeuza ubia wao kuwa kampuni, kila mmoja akiwa na hisa 500. Muda mfupi baadaye kila mmoja alitoa hisa 100, wakampa mtoto wa yule mwingine. Ebrahimi akabaki na 400. Baba na mwana wakawa na 600. Mwaka 1969 wawili hao wakapiga kura, wakamwondoa katika ukurugenzi. Kampuni ile haikutoa gawio. Faida ililipwa kwa wakurugenzi kama ujira wao. Hivyo Ebrahimi alibaki na hisa zisizomlisha.

Kura ilifuata sheria. Hata hivyo, mwaka 1972 mahakama ya juu kabisa ya nchi ile iliona kwamba nyuma ya hisa kuna watu walioaminiana, ikakubali kampuni ivunjwe.

Luther alilijua jambo hili. Wizi wa wazi tunakatazwa katika amri ya saba. Lakini katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, akieleza amri ya tisa, anatuonya pia tusijipatie mali ya jirani kwa hila iliyovikwa vazi la haki. Tumkumbuke Nabothi. Yezebeli hakutuma wanyang'anyi usiku. Aliandika barua, akazitia muhuri wa mfalme. Wazee wakakutana, mashahidi wawili wakasimama. Utaratibu wote ulikuwapo, ila kweli haikuwapo. Ndipo Bwana akamtuma Eliya.

Mtu atauliza: je, mwenye hisa chache asisamehe tu, kwa kuwa Paulo aliwakemea Wakorintho walioshtakiana? Ni kweli, aanze kwa kumwendea mwenzake faraghani, kama Bwana Yesu alivyofundisha. Lakini kusamehe si kumwachia mwenye nguvu aendelee kudhulumu, maana kesho atamdhulumu mwingine. Mahakama nayo ni chombo ambacho Mungu hutumia kumlinda mnyonge. Hapa Tanzania, kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 kinampa nafasi mwanahisa anayeumizwa isivyo haki na uendeshaji wa kampuni yake kuomba msaada wa mahakama. Anayekitumia bila chuki hajapungukiwa na upendo.

Na wewe mkurugenzi Mkristo, usihesabu kura tu. Jiulize mwenzako aliamini nini juu yako siku alipoweka fedha zake mezani. Kisha jiulize kama ungeuita uamuzi huu haki, laiti wewe ndiye ungekuwa na zile hisa 400.