Paka Amekojolea Mswala: Hesabu ni ya Nani?



Katika hosteli moja hapa Mbale yupo paka jike aliyelelewa na wanafunzi tangu akiwa mdogo. Muhula huu ameacha kujisaidia kwenye beseni lake la mchanga. Anakojoa pembeni mwa chumba, juu ya nguo, na zaidi ya mara moja juu ya mswala. Baadhi ya ndugu wameshauri atiwe kwenye gunia, apelekwe sokoni na kuachwa huko. Hoja yao si ya kupuuzwa. Tohara ni sharti la swala, na mvua zikishika mlima Wanale mswala uliofuliwa haukauki upesi. Wanauliza: kwa nini ibada yetu iharibiwe na mnyama?

Naona hoja hiyo inachanganya vitu viwili ambavyo fiqhi imevitenganisha. Mkojo wa paka ni najisi kwa jumhuri ya wanazuoni, na hapo hatubishani. Lakini paka mwenyewe si najisi. Tunasoma kwamba Abu Qatada (r.a.) aliwekewa maji ya kutawadha, akaja paka, naye akamwinamishia chombo anywe. Kabsha, mke wa mwanawe, alipomtazama kwa mshangao, Abu Qatada akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukia. Neno lililotumika, tawwafin, ni la asili moja na lile la Suratun Nur aya ya 58, linalowahusu watumishi na watoto wanaoingia na kutoka nyumbani mwetu. Yaani paka amewekwa kwenye kundi la watu wa nyumbani. Na mtoto wa nyumbani akikojoa kitandani, hakuna anayetafuta gunia.

Kisha kuna hadithi ya bedui aliyekojoa msikitini. Maswahaba walimwinukia, Mtume (s.a.w.) akawazuia wasimkatize, na alipomaliza akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale mahali. Bedui yule alikuwa mtu mzima, mukallafu, mwenye akili ya kuelewa msikiti ni nini. Ikiwa yeye alitendewa hivyo, basi kwa kiyasi cha aula paka asiye na taklifu yoyote ana haki zaidi ya kuvumiliwa. Tofauti ni kwamba bedui alielezwa kwa maneno akaelewa. Paka haelezwi. Ukimpiga, hajui anapigwa kwa ajili ya mkojo wa asubuhi. Anachojifunza ni kukuogopa wewe, na paka mwenye hofu huzidi kukojoa ovyo.

Basi hapa ndipo juhudi yetu inapotakiwa, na kusema kweli wengi wetu hatujaifanya. Paka kwa kawaida ni mnyama msafi anayependa kufukia uchafu wake, kwa hiyo akiliacha beseni kuna sababu. Huenda anaumwa njia ya mkojo, akalihusisha beseni na maumivu. Ukimwona anajikamua mara kwa mara na hatoki kitu, au mkojo una damu, huyo ni wa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Akiwa dume njia ikaziba, anaweza kufa ndani ya siku chache. Kama si mgonjwa, tazama beseni lenyewe. Uchafu unatolewa kila siku, au unasubiri Jumamosi? Liko mahali patulivu, au mlangoni ambapo watu sita wanapita na ndoo? Kama paka ni wawili, beseni moja haliwatoshi.

Na namna tunavyosafisha nayo ina kasoro. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i maji yakiwa machache ndiyo humwagwa juu ya najisi. Anayetumbukiza mswala wenye mkojo kwenye karai dogo ameyanajisi maji yote. Ondoa mkojo wenyewe kwanza, kisha mimina maji mpaka rangi na harufu viondoke. Ikibaki harufu peke yake na kuiondoa ni taabu, inasamehewa kwa swala. Ila paka haisamehi! Pua yake ni kali kuliko yetu, na panaponuka mkojo yeye hupaona ndio choo. Kwa hiyo suuza zaidi ya kiasi cha tohara, anika juani, na usitumie dawa yenye amonia, maana harufu yake inakaribia ile ya mkojo.

Nirudi kwenye gunia. Wenye rai hiyo wananiambia kuwa yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka alimfungia bila kumlisha, wakati wao wanamwachia huru. Lakini katika hadithi ile kumwachia kuna maana yake: ale wadudu na wanyama wadogo wa ardhini. Paka aliyekulia chumbani kwa ugali na mukene, hajawahi kuwinda, akatupwa sokoni kati ya mbwa na magari, ameachiwa kitu gani? Sisi ndio tuliomfanya atutegemee. Akitafutiwa nyumba yenye ua na mtu aliye tayari kumlea, hapo sina neno. Wala sisemi msikiti uachwe wazi kwake. Mlango wa msikiti ufungwe, na hilo si dhuluma.

Ninachokiona kigumu kweli ni haki ya mwenzako wa chumba. Yeye hakumleta paka, hakuulizwa, na mswala uliolowa ni wake. Huwezi kumhubiria subira kwa mnyama wako. Aliyemleta ndiye anayefua, ndiye anayelipa daktari, na mswala usipotakasika ananunua mwingine kabla hajadaiwa. Na mwenzake akisema hawezi tena kuishi hivyo, ana haki ya kusikilizwa, na mwenye paka ndiye atakayehangaika kumtafutia paka makazi, au yeye mwenyewe kutafuta chumba kingine.