Nesi akirudia agizo, daktari asikasirike

Ndugu zangu Waislamu, Mtume (s.a.w) alimfundisha Al-Baraa bin Aazib (r.a) dua ya kulala. Al-Baraa akairudia mbele yake ili aihifadhi. Penye "Nabii wako" akasema "Mtume wako". Akasahihishwa papo hapo, ingawa maneno hayo yanakaribiana. Kisa kimo katika Sahih Bukhari.

Nakikumbuka kila nisikiapo daktari akiagiza dawa kwa mdomo au kwa simu, nesi akaitikia "sawa" na kuondoka. Kwa Kiingereza, kumi na tano na hamsini hutamkwa karibu sawa. Kwenye insulini tofauti hiyo yaweza kuua.

Huko Marekani, Joint Commission, taasisi inayokagua hospitali, iliagiza tangu 2003: anayepokea agizo aliandike, alisome kwa sauti, daktari athibitishe. Dharura zipo, na daktari aliye katikati ya upasuaji hawezi kushika kalamu. Lakini hata hapo kulirudia agizo ni sekunde chache tu.

Wapo madaktari wanaoona kuulizwa tena ni kudharauliwa (na manesi wanaouogopa ukali wao). Jamani! Deni la shilingi tumeamrishwa tuliandike, Suratul Baqara aya ya 282, sembuse dawa inayoingia mwilini mwa mja wa Allah? Mwenye mgonjwa wodini aseme kwa adabu: "Dada, naomba uhakikishe kwanza na daktari, kisha uchome."