Tunamwalika Nani Mezani?

Msimu wa korosho ukifika na malipo yakiingia, wengi wetu tuna mgahawa tuupendao pale Mtwara mjini: meza ileile, samaki wa kupaka, marafiki walewale. Si dhambi kufurahia chakula. Bwana Yesu mwenyewe alialikwa mezani, akaenda. Lakini katika Luka 14:12–14 anatuagiza jambo gumu: tuwaalike wasioweza kutulipa. Sisi hualikana kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Hilo ni deni tu, si ukarimu. Mtoto auzaye karanga husimama kando yetu, nasi humpa mabaki, tukaridhika. Wapendwa, je, tuko tayari kumsogezea kiti, tule naye, hata watu wakitutazama?