Jirani Asiyeonekana

Swali la jirani ni nani, ambalo katika sura ya 10 ya Injili ya Luka linajibiwa kwa mfano wa Msamaria mwema, hupata uzito mpya linapoulizwa kuhusu mkongo wa mawasiliano wa baharini, yaani kebo iliyobeba nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha habari kwa mapigo ya mwanga. Tarehe 17 Novemba 2024 mkongo wa kilomita 218 unaounganisha Lithuania na kisiwa cha Gotland, Uswidi, ulikatika katika Bahari ya Baltiki, na shaka ikaiangukia meli ya mizigo iliyodhaniwa kuburuta nanga yake. Msamaria alimwona majeruhi ndipo akamhurumia (kuhani na Mlawi nao walimwona, ingawa walipita kando), lakini nahodha aliye juu ya maji hamwoni yeyote, kwa kuwa wanaoumia wako nchi kavu, pande zote mbili za bahari. Huruma inayosubiri kuona haiwezi kumfikia jirani wa namna hii, na wajibu kwake hauna budi kusimama juu ya kujua tu kwamba yupo.

Jambo hilo sheria imelitafakari kwa kina kuliko inavyodhaniwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazitaka nchi zihesabu kuwa kosa kuukata mkongo kwa makusudi au kwa uzembe, isipokuwa kwa aliyelazimika kufanya hivyo ili kuokoa maisha au chombo chake baada ya kuchukua kila hadhari. La kugusa zaidi ni kwamba mvuvi ambaye wavu wake umenasa mkongoni, naye akaukata wavu na kuuacha baharini ili mkongo usidhurike, anastahili kufidiwa na mwenye mkongo, mradi alichukua hadhari zinazofaa kabla ya hapo. Ni haki iliyo sawa kabisa, kwani bila fidia hiyo wema kwa watu wa mbali ungelipiwa na mnyonge peke yake. Hata hivyo, wavu hukatwa kwanza na malipo huja baadaye. Na Mkataba wa Paris wa mwaka 1884, uliolinda kebo za simu ya maandishi, ulimtaka anayedai fidia aandike maelezo mara baada ya tukio, ikiwezekana, yakithibitishwa kwa ushahidi wa mabaharia wake, kwa kuwa waliotendewa wema huo hawakuwa na njia ya kujua kwamba ulitendeka.