Jino la Pembe si Dawa ya Pengo

Wanangu wa Korogwe na Handeni, nawaandikia juu ya jambo ambalo wengi wenu hulikumbuka usiku tu, jino likianza kupiga. Ninalowaomba ni moja: msing'oe jino ambalo bado linaweza kuokolewa.

Huku kwetu, kuanzia Mombo hadi Mkata, mtu akiaga kwamba anakwenda kwa daktari wa meno, tunajua anakwenda kung'oa. Tumezoea hivyo kwa sababu kung'oa ni kwa haraka, bei yake ni nafuu, na mtu hurudi shambani akiwa amepumzika na maumivu. Lakini gego likiondoka, mambo hayaishii hapo. Meno jirani huanza kulalia pengo. La upande wa pili, likikosa mwenzake wa kukutana naye, hutoka taratibu mahali pake. Chakula hunasa pale ambapo hakikuwa kikinasa. Ukiwa na miaka 25 huoni tofauti kubwa. Ukifika 50, magego yakiwa yamekwisha moja baada ya jingine, makande uliyokulia utayameza bila kuyatafuna.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Hata leo, pamoja na meno ya bandia mazuri yanayotengenezwa, hakuna lililo sawa na jino lenye mzizi wake hai ndani ya taya. Ndiyo maana daktari makini, akikuta jino limeharibika juu lakini mzizi wake ungali imara, hakimbilii koleo. Atakushauri ulivishe kofia, ambayo wengine huiita krauni: gamba gumu linalofunika jino lote hadi kwenye ufizi.

Sikilizeni sababu zake, ili siku mkiambiwa msidhani mnatafutiwa gharama.

Sababu ya kwanza ni tundu kubwa. Jino lililozibwa hutegemea kuta zake lenyewe. Kuta zikibaki nyembamba, kila tonge huzisukuma nje mpaka zimeguke, na kuziba upya hakusaidii tena.

Ya pili ni jino lililotibiwa mzizi. Hapo daktari ametoa kiini kilichooza, akasafisha mifereji ya ndani na kuijaza. Maumivu yamekwisha, lakini jino limechimbwa na kupungua nguvu. Likiwa gego, linalobeba uzito wote wa kutafuna, linaweza kupasuka hadi mzizini, na likifika huko halina tiba ila kung'olewa. Nawasihi msiache tiba njiani kwa kuwa tu maumivu yametulia.

Ya tatu ni ufa. Mtu ametafuna changarawe ndani ya maharage, amefungua chupa ya soda kwa meno, au ameanguka na bodaboda. Jino linaonekana zima, lakini ukiuma kisha ukiachia, linachoma. Mkulima akiona mpini wa jembe umeanza kupasuka huufunga pete ya chuma kabla haujagawanyika. Kofia hulishika jino namna hiyohiyo.

Wapo pia ambao meno yamelika kwa kusagwa usingizini, na wapo wanaohitaji meno mawili yavishwe kofia ili yabebe la bandia katikati yake. Hata watoto huvishwa kofia za chuma kisichoshika kutu kwenye magego ya utotoni, ili yadumu hadi ya kudumu yaote.

Si kila jino linahitaji kofia. Tundu dogo linatosha kuzibwa. Hapa Tanzania, tangu miaka ya 1980, imejaribiwa njia ya kukwangua uozo kwa zana za mkono na kuziba bila mashine wala umeme, na Shirika la Afya Duniani likaja kuieneza kwingineko. Basi kijiji kukosa umeme kusiwe sababu ya kusubiri tundu likue. Jino linalolegea kwa ugonjwa wa fizi nalo halitaponywa na kofia. Fizi ndizo za kutibiwa kwanza.

Kazi yenyewe huenda kwa hatua. Daktari hupiga eksirei, hutia ganzi, hulichonga jino kidogo pande zote na kuchukua umbo lake. Fundi wa maabara ya meno hutengeneza kofia ya chuma, ya kauri au ya vyote viwili, na wewe hukaa na kofia ya muda hadi ya kudumu igandishwe. Huduma hii haipatikani kila hospitali ya wilaya. Anzia hospitali ya Magunga pale Korogwe au hospitali iliyoko Handeni, uchunguzwe na uelekezwe. Ulizia hospitali ya Bombo mjini Tanga kabla ya kufunga safari ya hospitali ya Muhimbili. Na uulize bila woga: mzizi wangu ni mzima? Kuziba hakutoshi? Gharama yote ni kiasi gani, na itadumu muda gani ikitunzwa? Ukiyajua hayo, unaweza kupanga na familia, ukatenga fedha za mavuno badala ya kuamua ukiwa na maumivu.

Kofia haiozi, lakini jino lililo chini yake huoza, hasa pale linapokutana na ufizi. Piga mswaki wenye dawa yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala. Wala usimruhusu fundi wa mtaani akuvishe dhahabu juu ya jino zima kwa ajili ya urembo. Gamba la juu la jino likishachongwa halioti tena.

Nanyi mlio wazazi, mwangalieni mtoto anapofika miaka 6 hivi. Gego lake la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka, na wengi hudhani ni la utotoni, wakaliacha lioze. Hilo ndilo atakalotafunia hadi uzeeni. Mpigisheni mswaki hadi huko nyuma, na mkiona doa jeusi mpelekeni mwezi huohuo, kabla hajaanza kulia usiku.