NAJISI HAIONDOI HURUMA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu Waislamu, tumeletewa barua na kijana wa mji wetu afanyaye kazi Kabianga, katika nchi ya chai ya Kericho. Tuliisoma darasani mara mbili, na mara ya pili hapana aliyesema neno.

Asema kwamba amepanga chumba katika ua wa mama mmoja mjane wa Kikipsigis, Mkristo, aliyemtendea kama mwanawe. Mwezi wa Ramadhani humletea maziwa kila magharibi. Mama huyo alikuwa na mbwa mdogo wa aina iitwayo Chihuahua, jina la jimbo la Meksiko alikotoka, ambaye akishakua uzani wake haufiki kilo tatu. Mwezi wa Julai mama alikwenda hospitali kupasuliwa, akamwachia kijana mbwa huyo na blanketi lake. Akamwusia: mpe chakula kidogo kidogo mara nne kwa siku, wala usimlaze nje.

Kijana akaogopa najisi. Akamtia katika kibanda cha kuni, akafunga mlango, akamwekea bakuli mara moja kila asubuhi. Alimwona akitetemeka, akadhani ni woga. Usiku wa tatu ikanyesha mvua ya mawe. Alfajiri akamkuta amekufa. Mama aliporudi, kijana alimwambia, "Alikufa mwenyewe." Sasa atuuliza: Je, ana dhambi? Je, alipe?

Jawabu letu ni hili. Kuogopa najisi ni jambo jema, lakini woga usio na ilimu humpoteza mtu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mbwa ni najisi nzito. Akigusa chombo au nguo kwa umajimaji, huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Walakini kikavu kikigusana na kikavu, hapana najisi. Tena Imamu Malik ameona kuwa mbwa aliye hai ni tohara. Basi kijana angaliweza kumweka jikoni penye joto, ndani ya sanduku, mbali na mahali pake pa kusalia, na kumshika kwa kitambaa. Na lau angalirambwa, ndoo ya maji na konzi ya udongo zingalitosha. Na huko Kabianga hapana uhaba wa maji wala wa udongo.

Tumewauliza waganga wa wanyama, nao wametueleza. Mwili mdogo kama ule hupoteza joto upesi, na nchi ya Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, usiku wake si kama usiku wetu wa pwani. Hana akiba mwilini. Akikaa njaa saa nyingi, sukari ya damu hushuka, hutetemeka, hulegea, kisha hufa. Hata kamba hafungwi shingoni, bali kifuani, kwa kuwa koo lake ni dhaifu. Kumbe wasia wa yule mama haukuwa anasa. Ulikuwa ndio uhai wa mnyama.

Mtume wetu (S.A.W.) ametupa khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na ametupa khabari ya mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Huyu wa pili alikuwa ni mbwa, ndugu zetu, wala Mtume hakutaja najisi mahali pale. Na mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa katika Kurani, amelala kizingitini pamoja na walinzi wa dini.

Wala asidhani mtu kwamba twahalalisha kufuga mbwa kwa mapambo. Hadithi ziko wazi: afugaye mbwa asiye wa mifugo, wala wa kuwinda, wala wa shamba, hupungukiwa thawabu kila siku. Maneno yetu ni juu ya kiumbe aliyekwisha kuwa mikononi mwako, tena kwa amana ya jirani.

Basi, ewe kijana, umekosa mara mbili: kwa kumfungia, na kwa kumficha mama ukweli. Bei hulipi, kwani mbwa hana bei katika madhehebu yetu, na Mtume amekataza thamani yake. Wala usijidanganye kwamba utamnunulia mwingine, jambo likaisha. Nenda leo kwa mama, umwambie kama ulivyotuandikia sisi. Umwombe msamaha. Kisha umtekee maji na kumpasulia kuni mpaka kidonda chake kipone. Na utubu kwa Mola wako.

Na sisi walimu tusijitoe. Kijana huyu alisoma kwetu. Tulimfundisha kuosha mara saba, wala hatukumfundisha hata mara moja hadithi ya mwenye kiatu. Tumewaona watoto wetu wakiwapiga mbwa mawe vichochoroni, tukapita tukienda msikitini, tukanyamaza. Hapana ajabu basi mlango wa kibanda ulipofungwa kule Kabianga. Tangu wiki hii, katika darasa letu, mlango wa tohara na mlango wa huruma vitasomwa pamoja.

Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na kijana wetu, amponye mama yule, na atujaalie tuwe watu wanaochunga amana, ndogo na kubwa. Amin.